Ruhusa ya Kuzika Ipo, ya Kuuguza Haipo

Katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, iliyopitishwa na Bunge la Tanzania mwaka 2004, kimo kifungu kifupi, cha 34, ambacho aghalabu wasomaji hukipita mbio kwa kuwa kimetanguliwa na vifungu vyenye sauti kubwa zaidi, vya likizo ya mwaka, likizo ya ugonjwa na likizo ya uzazi. Kifungu hicho humpa baba aliyepata mtoto siku tatu. Kisha humpa kila mfanyakazi siku zisizopungua nne za likizo yenye malipo, mtoto wake anapougua au anapofariki, na vilevile anapofiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu yake. Mwenye kukisoma kwa utulivu, akakirudia mara ya pili, ataona jambo ambalo kwa usomaji wa haraka halionekani: mtoto akiugua, mfanyakazi ana ruhusa, lakini mama yake mzazi akipatwa na kiharusi usiku wa manane, au mke wake akilazwa wodini juma zima, sheria imenyamaza, wala haifumbui kinywa mpaka mgonjwa atakapokata roho. Ruhusa ya kumzika mama imeandikwa. Ruhusa ya kumuuguza haikuandikwa.

Sisemi haya kwa nia ya kuwafedhehesha waliotunga sheria hiyo, ambayo kwa mambo mengi ni ya insafu. Na kasoro yenyewe si yetu peke yetu. Afrika ya Kusini, katika sheria yao ya masharti ya msingi ya ajira ya mwaka 1997, wamefuata mtindo huohuo, mtoto kwa ugonjwa na mzazi kwa mauti. Na jirani zetu wa Kenya, ambao kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama aliyejifungua miezi mitatu na baba majuma mawili, nao hawakumwekea mfanyakazi likizo ya kumtazama mzazi aliye kitandani. Lakini kasoro ya wengi haigeuki kuwa sifa. Tena ile neema ya siku nne ina masharti yake, kwa kuwa hesabu yake si ya mwaka bali ya mzunguko wa likizo wa miezi 36, na sheria imetamka bayana kwamba siku hizo ni nne tu, hata matukio yawe mangapi. Mtu aliyefiwa na baba katika Muharram, akafiwa na dada Shaabani inayofuata, amekwisha zitumia kwa baba. Atakazozichukua kwa dada hazina ujira.

Wala isidhaniwe kwamba sheria imezua tabia ambayo sisi wenyewe hatunayo. Tazama mitaa yetu, iwe Tandika au Ngamiani, iwe Mikindani au Bububu, uone namna tulivyoipangia mauti taratibu zake. Kuna kamati ya mazishi yenye mwenyekiti na mweka hazina; kuna daftari la waliochanga na wasiochanga; kuna fungu la misiba ndani ya kila kikoba cha akina mama; kuna turubai, viti vya kukodi na masufuria ya wali ambayo hufika kabla ya jamaa wa mbali kufika. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, ambaye kwa siku tatu za matanga alizungukwa na watu mia mbili, alikuwa ameugua miezi minane akizungukwa na mtu mmoja. Siku ya kwanza ya ugonjwa walikuja wengi na pole zao, wakaleta ndizi na maji ya chupa. Juma la pili wakaja wachache. Mwezi wa tatu akabaki binti yake. Mgonjwa hakuundiwa kamati.

Nina jirani mmoja, mama wa makamo, ambaye riziki yake ni vitumbua. Mchele huloweka jioni, alfajiri huupeleka kusagwa, akaumua, na kabla jua halijapanda kuta za jirani amekwisha uza nusu ya vitumbua vyake kwa watoto wa shule na madereva wa bodaboda. Mama yake alipopooza upande wa kulia, kazi ya alfajiri ikagongana na kazi nyingine, ambayo asiyeifanya hawezi kuikadiria. Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kwani akiachwa ubavu mmoja ngozi ya nyonga na ya visigino huanza kuwiva, kisha hufunguka, na kidonda cha kitandani kikisha funguka hakifungi kwa urahisi. Uji hunyweshwa kwa kijiko, mgonjwa ameinuliwa kwa mito, funda moja moja, kwa kuwa kiharusi huweza kuliharibu koo na uji ukapotea njia ukaingia mapafuni. Mashuka hufuliwa kila siku. Nepi za watu wazima ni ghali, na siku zisipopatikana hukunjwa khanga kuukuu. Kwa juma mara mbili huja bajaji kumpeleka mgonjwa kwenye mazoezi ya viungo, na huyo binti humbeba mama yake mgongoni kutoka chumbani hadi barabarani, maana bajaji haiingii uchochoroni.

Yeye ana kaka wawili, mmoja Dar es Salaam na mmoja Maskati, nao si watu wabaya. Hutuma fedha kwa simu, kila mwezi au kila wakumbukapo, na katika kundi la familia la kwenye simu husifiwa na kuombewa dua kwa kutuma kwao. Huyu anayegeuza, anayeosha na anayekesha, hakuna aliyewahi kumwandikia neno la shukrani, kwa kuwa mchango wake hauna risiti. Vitumbua alivisimamisha kwanza kwa siku chache, halafu kwa majuma. Wateja wakahamia kwa mwingine. Mtaji ukaliwa kidogo kidogo, na marejesho ya kikoba yakaanza kuchelewa. Ndiyo maana nasema kwamba hata sheria ikarekebishwa kesho ikampa kila mfanyakazi siku thelathini za kumuuguza mzazi wake, huyu mama hatapata hata moja, kwani hana mwajiri wa kumwomba likizo. Na walio kama yeye, wakulima, wavuvi, mafundi cherehani, mama lishe na wachuuzi, ndio wengi wa watu wazima wa nchi hii.

Shirika la Kazi Duniani lilipochapisha taarifa yake ya mwaka 2018 juu ya kazi za matunzo lilikadiria kwamba ulimwenguni kote, kila siku ya Mungu, watu hutumia saa bilioni 16.4 katika kuwatunza watoto, wagonjwa na wazee, na katika kazi za nyumbani zisizo na malipo, na kwamba sehemu 76.2 katika kila mia ya saa hizo hutoka mikononi mwa wanawake. Hesabu hiyo yatosha kuthibitisha jambo ambalo kila nyumba inalijua.

Twende sasa kwa mwenye ajira, ambaye tungemdhania kuwa yu salama. Nenda hospitali yoyote kubwa mjini wakati wa kutazama wagonjwa, usimame langoni. Utawaona wakifika na hotipoti mkononi, chupa ya chai kwapani, kikapu chenye shuka safi na sabuni. Wengine wamevaa sare za kazi, mlinzi na kofia yake, karani na kitambulisho shingoni, mwalimu na vumbi la chaki katika mkono wa shati. Wodi zetu hazina wauguzi wa kutosha kumlisha na kumwosha kila mgonjwa, na kila mtu anayejua hospitali anajua kwamba sehemu ya kazi hiyo inatendwa na jamaa. Madaktari huliweka hilo katika hesabu zao, nao husema wazi, "Abaki ndugu mmoja." Yule ndugu mmoja ni mwajiriwa wa mtu fulani, na kesho saa mbili asubuhi anatakiwa kazini.

Hutenda nini? Wenye bahati hukata siku zao 28 za likizo ya mwaka, ambazo sheria iliziweka ili wapumzike, wakazitumia katika kazi nzito kuliko waliyoiacha ofisini. Wengine huenda kwa daktari wanayemfahamu wakaomba ED, yaani cheti cha kupumzika kazini kwa ugonjwa, wakaandikiwa maumivu ya mgongo wasiyokuwa nayo, ili wapate siku tatu za kukaa na mgonjwa wa kweli. Mimi siwezi kuusifu uongo, lakini naona aibu ya uongo huo haimwangukii mwenye kuutenda peke yake. Mtu anayemuuguza mama yake anatimiza faradhi ambayo dini zetu zote zimeihimiza na mila zetu zote zimeitukuza. Sheria ambayo humlazimisha kuifanya faradhi hiyo kwa hila, ikamfanya mwana mwema ajifiche kama mtoro, inahitaji kutazamwa upya.

Marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yamefungua mlango kidogo. Mama aliyejifungua mtoto njiti ameongezewa muda, jambo la rehema ambalo lilikuwa limechelewa. Na imewekwa nafasi ya likizo bila malipo, isiyozidi siku 30, kwa makubaliano baina ya mfanyakazi na mwajiri wake. Hili la pili nalipokea kwa mkono mmoja. Likizo bila malipo ni haki ya mwenye akiba. Marekani waliijaribu tangu mwaka 1993, walipotunga sheria ya likizo ya familia na matibabu, inayomruhusu mfanyakazi wa kampuni yenye watu wasiopungua 50 kukaa majuma 12 na mgonjwa wake bila kupoteza kazi na bila kulipwa. Na ilikuwa dhahiri kwamba mnyonge, anayeishi kwa mshahara wa mwezi hadi mwezi, aliisifu sheria hiyo kwa mbali na kurudi kazini. Jimbo la California lilipoanza kulipa sehemu ya mshahara kwa wanaouguza, mwaka 2004, likiwa la kwanza katika nchi hiyo, fedha zake lilizitoa katika makato madogo ya mishahara ya wafanyakazi wenyewe, yaliyokusanywa katika mfuko mmoja.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja, na wengi wetu hupapita. Tunaposikia likizo yenye malipo tunafikiri papo hapo juu ya mwajiri kutoa mfukoni mwake, na mwajiri, akiwa mwenye duka la watu watano, huona nakama. Lakini nchi zilizofanikiwa katika jambo hili hazikumtwika mwajiri mzigo huo. Uswidi, tangu mwaka 1989, mtu akiwa na jamaa aliye mahututi huweza kuacha kazi akalipwa sehemu kubwa ya mshahara wake na bima ya jamii, na leo ni hadi siku 100 kwa kila mgonjwa. Japani mfanyakazi ana siku 93 kwa kila jamaa anayehitaji kutunzwa, anaweza kuzigawa sehemu tatu, na bima ya ajira humlipa takriban theluthi mbili za ujira wake. Wote hulipia kidogo kidogo, kwa kuwa wote, mapema au baadaye, watauguza au watauguzwa.

Na kuna kisa cha Uingereza ambacho napenda kukieleza kwa urefu, kwa kuwa kinaonyesha jinsi dhana moja mbaya inavyoweza kujificha ndani ya sheria njema. Mwaka 1976 serikali ya huko ilianza kumlipa posho mtu aliyeacha kazi ili amtunze jamaa aliye hoi. Lilikuwa tendo la kiungwana. Lakini mwanamke aliyekuwa na mume, anayeishi naye, hakustahili kuipata posho hiyo, kwa hoja kwamba mwanamke wa namna hiyo angekuwa nyumbani kwa vyovyote vile. Jacqueline Drake alikuwa na mume, na alikuwa na kazi. Aliiacha kazi yake ili amtunze mama yake aliyekuwa mlemavu, akaomba posho, akanyimwa kwa kuwa ameolewa. Hakukubali. Alishitaki, na shauri lake likapanda hadi Mahakama ya Ulaya, ambayo mwezi wa Juni 1986 iliamua kwamba kumnyima ni ubaguzi. Na serikali, ilipoona upepo unakovuma, ilikuwa imekwisha ahidi kuibadili sheria. Kwa miaka kumi, basi, dola lililojitapa kwa ustaarabu liliwalipa wanaume na wanawake wasioolewa kwa kazi ileile iliyofanywa bure na wake za watu. Nasi tusicheke. Ule usemi wa nyumbani kwetu, "Si yupo, atamwangalia," unaosemwa juu ya binti aliyerudi kwao au mke asiye na kazi ya mshahara, umetoka katika dhana hiyohiyo.

Je, sisi tuna uwezo? Swali hilo huulizwa kila mara na watu ambao hawaulizi uwezo wa mambo mengine. Nijibu kwa mfano wa visiwani. Mwezi wa Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumwuliza kama alikuwa karani au mvuvi, bila kumdai kadi ya uanachama, kwa fedha za serikali yenyewe. Na baadaye kiwango kikapandishwa hadi shilingi 50,000. Si fedha nyingi. Lakini kanuni iliyowekwa hapo ni kubwa kuliko fedha zenyewe, nayo ni kwamba haki inaweza kumfikia mtu kwa kuwa ni mtu wa nchi hii, si kwa kuwa ana mwajiri. Huku Bara, mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF umekwisha wafungulia mlango waliojiajiri, nao huchangia kwa viwango vyao, na miongoni mwa mafao ambayo mfuko huo umezoea kuwalipa wanachama wake ni fao la uzazi. Njia ya fedha ipo, basi, na madaftari yapo. Kinachokosekana ni fao moja zaidi, la uuguzaji, lenye kiwango cha chini na muda wenye ukomo, litakalomfikia muuza vitumbua kwa simu yake kwa cheti cha daktari au cha kituo cha afya, kama linavyomfikia karani wa benki kupitia mwajiri wake. Kwa asiyemudu mchango, hazina ya serikali imchangie, kama ilivyofanya Zanzibar kwa wazee wake.

Najua litakalosemwa, kwamba watu watadanganya, kila mmoja atakuwa na mama mgonjwa siku ya Jumatatu. Sheria yenyewe imekwisha lijibu hilo, maana katika kifungu kilekile cha 34 mwajiri amepewa haki ya kudai uthibitisho wa kuridhisha kabla ya kulipa, na hatukusikia kwamba kwa sababu ya siku nne za misiba Watanzania wamewaua babu zao mara mbili mbili. Au kama wapo, ni wachache. Hofu ninayoiheshimu zaidi ni nyingine: likizo ikiwa ya wanawake peke yao, waajiri watakwepa kuwaajiri wanawake. Kwa hiyo iwe ya wote, na mwanamume ahimizwe kuitumia, aache kudhani kwamba kutuma fedha kumemwondolea dhima. Mwana wa kiume anaweza kumlisha baba yake uji. Anaweza kumwosha, kumnyoa na kumgeuza kitandani, na baba wengi, kwa staha yao, wangependelea mkono wa mwana kuliko wa binti au mkaza mwana.

Ombi langu kwa waheshimiwa wabunge ni dogo kuliko maneno yote niliyoyasema. Mfuko wa fao la uuguzaji utahitaji mahesabu ya wataalamu, na mahesabu yana wakati wake. Lakini kifungu cha 34 hakihitaji kungoja mahesabu hayo. Pale palipoandikwa kifo cha mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu, paongezwe ugonjwa wao, na siku nne zihesabiwe kwa mwaka badala ya miezi 36. Kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge yeyote, hata asiye waziri, kuwasilisha muswada binafsi. Msomaji unayemjua mbunge wako, umpelekee makala hii, umwulize ni lini ataupeleka.